Jumba Lililoshinda Mizinga

Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu na dakika mbili asubuhi, manowari za Uingereza zilizokuwa zimetia nanga mbele ya mji wa Unguja zilianza kulipiga mizinga kasri la Sultani Khalid bin Barghash. Vita hivyo husimuliwa duniani kote kwa ufupi wake. Wako wanaosema vilidumu dakika 38, wako wanaosema 45. Katika muda huo watu wapatao 500 wa upande wa Sultani waliuawa au kujeruhiwa, meli yake iitwayo Glasgow ikazamishwa bandarini, jumba la wanawake likashika moto, na jengo jingine la kasri, Beit al-Hukm, likapondwa kiasi cha kutofaa tena kukaliwa. Beit al-Ajaib, refu kuliko majengo yote ya mji, lililokuwa wazi kabisa mbele ya midomo ya mizinga, lilipata majeraha yake na likabaki limesimama.

Tarehe 25 Desemba 2020 jumba hilohilo likaanguka. Baharini hakukuwa na manowari hata moja. Sehemu kubwa ya upande wa mbele, pamoja na mnara wa saa, iliporomoka wakati mafundi wamo ndani wakilikarabati, na wawili kati yao wakapoteza maisha.

Ninapozilinganisha tarehe hizi mbili, ile ya kwanza naieleza bila taabu. Ina mtendaji. Aliyeamuru mizinga ilie ni Rear Admiral Harry Rawson. Aliyetoa muda wa mwisho kwa Khalid ateremke kasrini ni Basil Cave, balozi mdogo wa Uingereza. Manowari zenyewe zinajulikana kwa majina, St George, Thrush, Racoon, Sparrow na Philomel. Sababu nayo inajulikana. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti, Khalid akakikalia kiti bila ridhaa ya Waingereza, nao walikuwa na mtu wao, Hamoud bin Mohammed, ambaye alitawazwa siku ileile moshi ukiwa bado unafuka. Mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kuiandika habari hiyo kwenye karatasi ya mtihani na kupata alama zake zote.

Tarehe ya pili haiandikiki hivyo. Nani aliliangusha? Hakuna admirali. Kuna mvua za masika ambazo huja kila mwaka na kuna chumvi ya bahari ambayo haikuanza jana. Kuna paa lililovuja, kuna fungu la fedha ambalo halikutengwa, kuna barua iliyokaa kwenye faili, kuna ofisi iliyodhani kazi hiyo ni ya ofisi nyingine. Uharibifu mkubwa kuliko yote uliowahi kulipata jumba lile ulifanywa na watu wengi mno, kwa muda mrefu mno, bila hata mmoja kuinua mkono.

Kabla ya yote hayo kulikuwa na tufani. Tarehe 15 Aprili 1872, Sultani Barghash bin Said akiwa hajatimiza hata miaka miwili kwenye utawala, kimbunga kiliipiga Unguja kwa namna ambayo wazee hawakuwa na mfano wake. Merikebu zake zilizama au kutupwa pwani. Mikarafuu iling'oka mashamba kwa mashamba, na karafuu ndiyo iliyokuwa ikimlisha kila mtu, kuanzia Sultani hadi dalali wa sokoni, isipokuwa mtumwa aliyeichuma, ambaye hakulishwa nayo sawasawa hata kabla ya tufani. Pemba haikuguswa sana, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu hadi leo. Mwaka uliofuata, 1873, Waingereza walimlazimisha Barghash kutia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Katika miezi chini ya ishirini, nguzo mbili za utajiri wake zilikuwa zimetikisika.

Na bado ni mtu huyohuyo aliyejenga. Mji ulipata maji ya mfereji kutoka chemchemi za nje. Meli mpya ilitengenezwa Uingereza mwaka 1878 kuziba pengo la zile zilizozama, nayo ndiyo ile Glasgow ambayo Waingereza waliizamisha, milingoti yake ikabaki imechomoza majini kwa miaka. Mwaka 1883 likasimama Beit al-Ajaib, jumba la sherehe, lenye varanda pande zote, nguzo za chuma zilizoletwa kwa meli, milango mikubwa ya nakshi iliyoandikwa aya za Kurani, na baadaye taa za umeme za kwanza kuonekana Zanzibar. Watu wa mji walilipa jina linalolistahili. Nyumba ya maajabu.

Tufani ni uharibifu usio na wa kulaumiwa, na labda kwa sababu hiyo watu huinuka haraka baada yake. Hakuna kesi ya kusikilizwa, hakuna wa kusubiriwa aombe radhi. Mkulima hupanda miche mingine. Mizinga nayo ni uharibifu wenye wa kulaumiwa, na lawama ina nguvu yake ya kusimamisha vitu: baada ya 1896 Beit al-Ajaib lilitengenezwa, na mnara wa saa ukapachikwa mbele yake, ndio ule ambao wengi wetu tumeujua kwa picha za posta na kalenda. Waliolipiga ndio waliosimamia matengenezo, kwani walikuwa na haja nalo. Kuanzia 1911 wakaligeuza ofisi za serikali yao.

Aina ya tatu ya uharibifu ndiyo iliyotushinda, na ndiyo ninayotaka kuitazama kwa karibu, maana inafanya kazi kwa utaratibu ambao fundi yeyote wa Mji Mkongwe wa Unguja anaujua.

Ukuta wa nyumba za pale umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, wakati mwingine chokaa iliyochanganywa na udongo mwekundu. Ni ukuta mnene, mara nyingi wa nusu mita na zaidi, na ndani yake si mgumu kama unavyodhania. Una vinyweleo. Mvua ikiupiga, unakunywa. Jua likitoka, unatoa. Chokaa iliyopakwa juu yake inaruhusu hayo, ndiyo maana wazee walipaka chokaa mara kwa mara bila kulalamika. Haikuwa urembo. Ilikuwa ni ngozi ya nyumba, na ngozi hubadilika.

Sakafu zimebebwa na boriti, miti ya mikoko kutoka Rufiji na kwingineko, ileile iliyosafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni. Boriti nzuri haibebi vizuri nafasi inayozidi sana mita tatu, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba za mawe za Waswahili ni virefu na vyembamba. Barghash alitaka kumbi pana, akaagiza chuma. Hapo jumba likawa na damu mbili: matumbawe na chokaa vinavyopumua, na chuma kisichopumua. Chuma kikikaa kikavu kinadumu. Kikiloa maji ya chumvi kinashika kutu, na kutu ina tabia moja ya hatari, nayo ni kunenepa. Kipande cha chuma kilichozikwa ukutani kikianza kutu kinahitaji nafasi kubwa kuliko ile kiliyopewa, na kwa kuwa hakipewi, kinapasua jiwe.

Kwa hiyo kila kitu kinarudi kwenye paa. Paa likiwa zima, ukuta unakauka, boriti hazioni mchwa wala ukungu, chuma kinalala. Paa likipata tundu la ukubwa wa sarafu, kazi imeanza. Maji yanashuka ndani ya ukuta mnene, hayaonekani kwa miaka. Halafu chini, kwenye kimo cha kiuno, chokaa inavimba kama lengelenge na kudondoka, na mahali pake panabaki unga mweupe wa chumvi. Mwenye nyumba anaona aibu, anamwita fundi, na fundi wa siku hizi anakuja na mfuko wa saruji.

Hapa ndipo ninapoumia kweli. Saruji ni nzuri kwa kazi yake, lakini juu ya ukuta wa matumbawe ni kifuniko. Unyevu uliokuwa ukitoka kwa amani sasa unafungiwa ndani. Ukitazama kwa nje nyumba inapendeza, laini, imenyooka, imepakwa rangi. Mgonge fundi mzee bega umwombe akusikilizishe: atapiga plasta hiyo kwa mgongo wa kidole, mahali hapa itatoa sauti nzito, hatua moja kando itatoa sauti ya debe tupu. Hapo saruji imeshaachana na ukuta, na katikati yake ncha za boriti zinaoza gizani. Nyumba imeharibiwa na matengenezo, kwa fedha halali, na mtu aliyeipenda.

Kuna pia mti. Ndege anakula tunda la mkuyu, anatua ukingoni mwa paa, anaacha mbegu kwenye ufa. Masika yanakuja, mche unachomoza, majani mawili, manne. Ukiung'oa siku hiyo unatumia vidole viwili. Ukiuacha misimu michache mizizi inakuwa imeteremka ndani ya chokaa, na ukiuvuta unakuja na mawe. Mtu anayepita chini anauona. Kila anayepita anauona. Ni kijani, hata unapendeza kidogo kwenye ukuta wa kijivu, na hakuna anayejua ngazi iko kwa nani.

Lugha yetu ina kauli inayotusaidia kutomjua mwenye ngazi. Tunasema nyumba imebomoka, barabara imeharibika, shule imechakaa. Ni Kiswahili fasaha na wala sina ugomvi nacho. Ila siku ya Krismasi ya 2020, kila mahali iliposomwa kwamba jumba limeporomoka, sentensi ilikuwa imekamilika bila mtu ndani yake. Kwa habari ya 1896 hakuna anayesema Beit al-Hukm lilibomoka. Lilibomolewa. Ningependa siku moja tuizungumze 2020 kwa kitenzi cha namna hiyo. Sisemi afungwe mtu. Nasema kazi isiyotajwa mfanyaji wake haiwezi kukabidhiwa kwa mtu mwingine aifanye vizuri zaidi.

Lakini nani? Nikitafuta kwa haki siwezi kuanza na ofisi moja.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Serikali ilichukua nyumba nyingi za Mji Mkongwe ambazo wenyewe walikimbia au walinyang'anywa. Familia kutoka mashamba na kutoka Pemba zikaingia. Watu hao hawakufanya kosa lolote. Wengi wao kwa mara ya kwanza walikuwa na dari imara juu ya watoto wao. Lakini kodi ilikuwa ndogo, mpangaji hakuwa na mamlaka ya kugusa paa, na mwenye nyumba alikuwa ni Serikali yenye shule za kujenga na hospitali za kuendesha. Wakfu nazo, ambazo zamani zilikuwa na utaratibu wa kutenga sehemu ya mapato kwa matengenezo, zilidhoofika. Katika miaka ya 1980 nyumba zilikuwa zikianguka kila masika. Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Mji Mkongwe, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji huo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Hayo yalisaidia, na bila hayo tungekuwa tunazungumza habari ya kusikitisha zaidi.

Beit al-Ajaib lenyewe baada ya Mapinduzi lilikuwa shule na makumbusho ya chama cha Afro-Shirazi Party, halafu likaja kuwa makumbusho ya historia na utamaduni ya Zanzibar na pwani ya Waswahili. Katika ukumbi wake wa kati uliwekwa mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba ya nazi bila msumari hata mmoja, ulioundwa upya kwa ajili ya maonyesho. Mwaka 2012 kipande cha varanda kilianguka. Mwaka 2015 sehemu ya paa nayo ikaenda. Jumba lilifungwa kwa wageni, likazungushiwa uzio. Fedha za ukarabati zikapatikana kutoka Oman, kazi ikaanza, na mafundi wakiwa kazini likashuka.

Hili la mwisho ndilo lisiloniacha. Waliokufa hawakuwa wale walioliacha jumba. Walikuwa ni wale waliokuja kulishika. Matunzo yaliyocheleweshwa hayabaki kuwa kazi ileile yenye gharama kubwa zaidi. Yanageuka kazi nyingine kabisa, ya hatari, ambapo mtu anaingia chini ya uzito asioujua umeegemea wapi. Kung'oa mche wa mkuyu ni kazi ya kijana mwenye ngazi. Kulikarabati jengo ambalo maji yamelipitia kwa miaka ni kazi inayoweza kuua.

Watoto wetu tunawafundisha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ninaipenda methali hiyo, lakini ndani yake kuna matumaini ambayo siku hizi si ya hakika. Inachukulia kwamba ukuta ukianguka, wa kuujenga yupo. Kwa nyumba hizi, wa kuujenga amekuwa adimu. Kuchoma tanuu ya chokaa, kupanga magogo na matumbawe kwa mduara ili moto upande sawasawa, kuimwagia maji chokaa na kuiacha ikae hadi iive, ni elimu iliyokaa mikononi mwa watu na haikuandikwa sana. Kupiga sakafu ilikuwa ni kazi ya kundi zima, watu wakiishindilia chokaa na kokoto kwa vipande vya mti, siku baada ya siku, kwa nyimbo, mpaka ishikane na kukataa maji. Sakafu iliyopigwa hivyo ilikuwa ni paa na sherehe kwa wakati mmoja. Leo ukitaka kuipiga utampata wapi anayejua ni wakati gani wa kuacha?

Najua pia lipo jibu jingine, na sitaki kulikwepa kwa kuwa lina uzito. Wako wanaosema, hata kama kwa sauti ya chini, kwamba jumba lile lilikuwa la masultani, limejengwa kwa fedha za karafuu, na karafuu zilichumwa na watumwa. Ni kweli. Utumwa haukupoteza nguvu ya kisheria Zanzibar hadi tarehe 6 Aprili 1897, wakati jumba lilikuwa limeshasimama miaka kumi na minne. Mtu ambaye bibi wa bibi yake alifika Unguja kwa jahazi la watumwa kutoka bara ana haki ya kulitazama Beit al-Ajaib bila kububujikwa na fahari. Sitamwambia alipende.

Ila namwomba atazame aliyeadhibiwa na kuanguka kwake. Barghash alifariki mwaka 1888. Khalid alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, akapelekwa Dar es Salaam, akakamatwa na Waingereza mwaka 1916, akahamishwa mbali, na akafariki Mombasa mwaka 1927. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kitu cha kupoteza mwaka 2020. Waliopoteza ni mafundi wawili na familia zao, ni wauza kofia na vitabu waliosimama Forodhani, mbele ya jumba, ni wanafunzi waliokuwa wakiletwa kuona mtepe na kujua kwamba watu wa pwani yao waliwahi kushona chombo na kukivusha bahari. Na hao waliobeba mawe mwaka 1883, mabegani, juu ya ngazi za kamba na mikoko, huenda wengi wao wakiwa watumwa au wana wa watumwa, kazi yao ndiyo iliyoanguka. Ilikuwa ni hati pekee ya mikono yao. Kuliacha lioze hakukumlipizia mtu yeyote kisasi.

Wala si kwamba kila kilichovunjika lazima kirudishwe. Kaskazini ya mji yako magofu ya Maruhubi, kasri jingine la Barghash, lililoungua mwaka 1899. Zimebaki nguzo na hamamu. Hakuna anayetaka kulijenga tena, na nadhani ni sawa. Gofu si uharibifu. Gofu ni kile kinachosalia uharibifu ulipokwisha kazi yake, na kinaweza kutunzwa kikiwa hivyohivyo.

Ushahidi uko Kilwa. Mji ule ulifikiwa na Ibn Battuta mwaka 1331, katika zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliyejenga Husuni Kubwa, na ukavamiwa na kuporwa na Wareno wa Francisco de Almeida mwaka 1505. Ukaja ukachoka na kuhamwa kidogo kidogo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 yakahamishiwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini: bahari ilikuwa inakula ufukwe, miti inapasua kuta, mvua inaosha chokaa. Miaka kumi baadaye, 2014, yaliondolewa kwenye orodha hiyo. Yaliondolewa kwa sababu hatari ilipunguzwa, na ilipunguzwa kwa kazi ambayo haina picha nzuri ya gazeti: kufyeka vichaka, kukinga ufukwe, kuzijaza nyufa kwa chokaa, na kuwaweka wanakijiji wanaoishi hapohapo kuwa sehemu ya kazi. Hakuna aliyekata utepe kwa sababu ya kichaka kilichofyekwa. Lakini kuta ambazo Wareno waliziacha zimesimama bado zipo.

Ninaitaja Kilwa kwa sababu inavunja ile hoja ya umaskini ambayo tunaikimbilia upesi. Fedha zinahitajika, na nyingi zilitoka nje. Lakini panga la kufyekea halikutoka nje, wala mtu wa kuamka asubuhi kulishika. Tofauti kubwa kati ya ukuta wa Kilwa na varanda ya Forodhani ni kwamba Kilwa, wakati fulani, ilijulikana ni nani anayetakiwa kwenda kutazama na lini.

Masika huanza Machi. Nyumba ya chokaa inapaswa kupandwa hadi juu mwezi Februari, kabla ya mvua, na mtu mwenye jina, mwenye ngazi yake, mwenye ruhusa ya kutumia fedha kidogo bila kungoja kikao. Aondoe majani kwenye mifereji. Ang'oe miche. Aingize kidole kwenye nyufa, na palipo na saruji aigonge aisikilize. Aandike alichokiona kwenye daftari ambalo litarithiwa na atakayekuja baada yake. Kwa jengo kama Beit al-Ajaib watahitajika watu kadhaa, kwa nyumba ya kawaida mmoja anaweza kuhudumia mtaa. Nikiulizwa ni nini kifanyike kwanza, kabla ya michoro na mikataba, nitasema ni hicho: ajira za watu wa Februari, na vijana wa kujifunza chokaa mikononi mwa wazee wachache waliobaki.

Na jumba likisimama tena, kwa umbo lolote litakalopewa, naomba jambo moja kwa wenye mamlaka. Vitabu vimehifadhi jina la admirali na majina ya manowari zake zote tano. Mlangoni, pale wageni wanapovua viatu au kukata tiketi, kwa herufi zinazosomeka na mtoto wa darasa la kwanza, yaandikwe majina ya mafundi wawili waliokufa ndani yake tarehe 25 Desemba 2020, na mbele ya kila jina iandikwe kazi aliyokuwa akiifanya siku ile.